Bunia, Ukisahau Unalipa

Buda, simu yako iko wapi? Kumbe hiyo mkononi. Hiyo hiyo unaitafuta tangu asubuhi. Umegeuza godoro, umemshuku mtoto wa jirani, umemwomba yaya akubipie isikike inalia wapi. Na umeiweka silent. Na muda wote ulikuwa umeishika, unamulika tochi yake chini ya kitanda.

Usijifiche, tuko wengi. Mudzipela, Lumumba, Bankoko, Nyakasanza, Yambi Yaya, kartie zote stori ni moja. Msee anatoka na soksi za rangi mbili. Anafika sokoni hajui alitumwa nini. Anafika kwao manzi, jina la mama mkwe limeyeyuka. Noma. Lakini tuelewane mapema: kusahau kwenyewe ni bure. Kinachouma ni fakitire inayokuja nyuma.

Tuanze na kadena. Keja nyingi za kartie zinafungwa na ile kadena ya Mchina, wiki ya kwanza inang'aa, ya pili imeota kutu. Ujanja wake ni huu: kuifunga haidai ufunguo. Unabonyeza tu, tak. Kuifungua ndiyo inadai. Sasa wewe na haraka zako, tak, halafu unaanza kupapasa mfuko. Ufunguo uko ndani, mezani, umelala kando ya kikombe cha chai. Hapo chaguo ni mbili. Umwite kijana wa msumeno wa chuma, umlipe, halafu ukanunue kadena nyingine. Ama upande dirishani mchana kweupe, avenue nzima imesimama inakushauri weka mguu wapi. Bei: kadena moja, kijana mmoja, heshima yote.

Kadi ya elekta sasa, hiyo ni ngori ya kiwango kingine. Kongo hii, kwa miaka, kitambulisho chetu ni kadi ya kupigia kura. Ile kadi ya uraia iliyozinduliwa Kinshasa Juni 2023, huku mtaani tunaijua kwa redio tu. Kwa hiyo kadi uliyoipangia foleni mwanzoni mwa 2023, kabla ya uchaguzi wa Desemba, ndiyo inakutolea doo, ndiyo inakusajilia SIM, ndiyo inakupitisha barieri. Na Ituri iko chini ya gavana wa kijeshi tangu Mei 2021, barieri si pambo. Ukiisahau nyumbani utagundua una sauti ya upole ambayo hata mathee wako hajawahi kuisikia. Ukiipoteza kabisa, ni karatasi ya upotevu, ni foleni, ni rudi kesho, ni mkubwa ametoka kidogo. Comedy yenyewe iko hapa: kadi nyingi za 2023 zilifutika wino zenyewe. Picha ikaondoka, jina likafuata. Yaani kadi imekusahau wewe, na bado unaiwekea plastiki.

Na mwavuli. Maze, mwavuli! Mvua ya Bunia haina adabu, inakuja bila kubisha. Unaingia butiki umejikinga fresh, unanunua, unapiga stori, mvua inakata, jua linatoka, unaondoka mikono mitupu ukipiga mluzi. Angalia vizuri kilichotokea. Mwavuli hausahauliki kwenye mvua. Unasahaulika jua likitoka, juu kile kilichokuwa kinakukumbusha kimeisha. Shika hiyo pointi, tutaihitaji mbele. Kwa sasa ujue tu kwamba mwavuli wa Bunia hauna mwenyewe, unazunguka. Huo unaoshika leo pia sijui ulitoka wapi. Sikuulizi.

Maharagi kwenye mbabula hatuongei sana. Umeyaweka, umeshika simu, video moja, video ya pili, video ya mtu anacheza kwenye harusi ya watu huwajui. Harufu inafika kwa jirani kabla ya kufika kwako. Parsele yote inajua nani ameunguza, na makala ilivyopanda bei mtaani. Bei: maharagi, makala, sufuria, na jina jipya utakaloitwa mwezi mzima.

Hapo ndipo wazee wanaingia. Lazima. Mzee hawezi kuona kijana amesahau kitu akapita kimya. Anakaa vizuri kwenye kiti chake, anakohoa kidogo, halafu: "Sisi zamani hatukusahau. Nyinyi telefone imewakula kichwa." Anasema hivyo miwani iko juu ya paji la uso, na dakika mbili zilizopita alikuwa anaiulizia. Koko naye anaitikia kutoka jikoni, baada ya kuita majina ya wajukuu wote wanne, ya mbuzi, halafu lako.

Wasee, tusikubali hii propaganda. Zamani walisahau fiti tu. Tofauti ni kwamba walikuwa na mambo machache ya kushika. Nani alikuwa na PIN ya M-Pesa, PIN ya Airtel Money, mo de pase ya Facebook, pattern ya simu, tarehe ya session, na zamu ya kuchangia likelemba, yote siku moja? Hakuna. Na hata hayo machache hawakuyaweka kichwani. Mathee wa zamani akitumwa na mama yake anapiga fundo kwenye pembe ya kitenge, akiligusa anajua kuna jambo. Mtoto akitumwa chumvi, anaimba chumvi chumvi chumvi njia nzima, akijikwaa jiwe imekuwa sukari. Ukitaka kujua mwaka wa kitu unaambiwa ni ule mwaka wa nzige, ama mwaka daraja lilianguka. Hiyo si kichwa kali. Hiyo ni kuegesha mambo nje.

Kongo yetu hii hii iliwahi kuwa na mtambo wa kumbukumbu kabisa. Kule kusini, kwa Waluba, kuna lukasa: kibao cha mbao cha kushika kwa mkono mmoja, kimejaa shanga na makombe. Watu wa chama cha Mbudye walikuwa wanapitisha kidole juu yake, wanasoma wafalme, safari, koo, nani alitoka wapi. Wale ndio waliokuwa mabingwa wa historia, na bado walishika kibao. Mwaka 1996 jumba moja la sanaa ya Afrika huko New York lilifanya maonyesho mazima juu ya Waluba na kumbukumbu yao. Sasa niambie, lukasa ni nini kama si smartphone isiyoomba shaji? Mzee akianza tena na telefone, mwulize lukasa ilikula kichwa cha nani.

Haya, rada ya sayansi, chap chap, nisikuboeshe. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifungia na orodha za silabi za upuuzi, zisizo na maana yoyote, akazimeza, halafu akapima zinavyotoroka. Kitabu chake kilitoka 1885. Alichopima ni muda anaookoa akijifunza upya. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ya faida imeenda. Baada ya siku moja, imebaki kama theluthi. Baada ya mwezi, kama sehemu moja ya tano. Kijana wa session, hiyo ndiyo sababu unabloka usiku mzima kwa mshumaa na kahawa, asubuhi unageuza karatasi ya mtihani, kichwa kiko blanki na jina la profesa pia limeondoka. Dawa yake wanafunzi wanaichukia juu haina drama: rudia kidogo leo, kidogo kesho, kidogo wiki ijayo. Hakuna anayepost status akirudia kidogo. Wanapost usiku wa kubloka.

Lakini ya Ebbinghaus ni ya vitu ulivyojifunza ukataka kuvishika. Ufunguo ni kesi nyingine. Ufunguo, ukweli mchungu, hukuusahau. Hukuuweka kichwani hata sekunde moja. Mkono uliuacha mezani, wewe ulikuwa kwenye voice note ya dakika saba. Utakumbukaje kitu ambacho hukuwepo kikitendeka? Ndiyo maana kujikamua hakusaidii. Unafunga macho, unakunja uso, unatafuta faili ambayo haikuandikwa.

Na ile ya kuingia chumbani ukasimama katikati, hujui ulifuata nini? Hiyo ina watafiti wake. Gabriel Radvansky na wenzake, Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, walitoa kazi yao 2011: ukivuka mlango, kichwa kinafunga ukurasa wa chumba ulichotoka. Wengine Australia wakarudia jaribio 2021, wakakuta mlango peke yake haufanyi mengi. Mlango unakuangusha ukiwa umebeba mambo mengine kichwani. Sasa chukua msee wa Bunia: bei ya dola leo, mdogo wake kafukuzwa minervali, SIM ya pili haina inite, kelele za motari nje. Huyo hata pazia linamwangusha.

Tuongee simu, juu huko ndiko tunalipa zaidi. Siku simu imepotea, imebaki kwenye moto ya motari ama imebaki pale mlikoshajia, unaomba ya mtu upige. Unashika. Unaangalia namba. Unampigia nani? Huna namba kichwani. Namba zetu ni tarakimu kumi ukihesabu ile sifuri ya mbele, na George Miller, Mmarekani, aliandika 1956 kwamba kichwa kinashika kama vitu saba kwa mpigo, zaidi ama pungufu mbili. Waliokuja baadaye wakashusha hadi kama vinne. Kwa hiyo tarakimu kumi zikiingia zimepangana moja moja, nusu zinatoka kabla hujamaliza kupiga. Zikate vipande: mtandao kwanza, halafu tatu, halafu mbili, halafu mbili. Vipande vinne, vinakaa. Shika namba mbili tu kwa njia hiyo, ya mathee na ya yule rafiki anayepokeaga. Si ya crush. Crush hapokei namba asiyoijua.

PIN ni hatari zaidi, na watu wanacheza nayo. Ukikosea PIN ya SIM mara tatu, kadi inajifunga, inaomba PUK, tarakimu nane. Hizo nane ziko kwenye ile plastiki uliyoitupa siku ulinunua SIM. Ukibahatisha PUK vibaya mara kumi, kadi inakufa kabisa, hairudi, hata uombe dua. Na mtu akiona hivyo anakimbilia PIN nyepesi. Mwaka 2012 mchambuzi mmoja, Nick Berry, alipitia mamilioni ya PIN zilizovuja mtandaoni, akakuta zaidi ya 10 kwa kila 100 ni 1234. Halafu kuna mabingwa wa mwaka wa kuzaliwa. Buda, mwaka wako wa kuzaliwa uko Facebook, uko kwenye kadi ya elekta kama haijafutika, uko kwenye keki mwaka jana. Chukua tarehe ya kitu cha siri chako mwenyewe: siku ulipigwa chini kwa mara ya kwanza. Hautaisahau, na hautaitangaza.

Saa nayo ina utani wake. Kinshasa wako nyuma yetu saa moja, Uganda wako mbele saa moja, sisi katikati. Shuka Kasenyi ziwani ama panda Mahagi, simu inanusa mtandao wa ng'ambo, inaruka saa nzima bila kukuuliza. Alarm inalia, unaoga na baridi, unafika, hata mlinzi amelala. Ingia kwenye settings, zima ile automatic, weka Lubumbashi, tulia. Na ukichelewa usiseme ni simu. Hiyo sababu tumeimaliza wote.

Sasa sehemu ya aibu kuu: majina. Uko Bulvari ya Libération, umepiga luku, sakoshi kifuani, sketi ya manzi wako imelingana na kofia yako, maisha yako juu. Mbele anakuja msee, meno yote nje, anakujua vizuri, anakuita jina lako lote na la baba yako. Wewe? Zero. Hapo Bunia imekuokoa tangu zamani: "Mukubwa! Grand! Le frère!" Unamkumbatia, unauliza nyumbani ni salama, unauliza bale bengine. Inaenda vizuri hadi manzi anasema, si unitambulishe. Bei: picha imechomeka, na jioni mjadala.

Kuna sababu majina yanateleza. Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza waliwaonyesha watu sura, wakawaambia huyu ni muoka mikate, ama huyu anaitwa Baker, kwa Kiingereza neno lile lile kabisa. Kazi ilikumbukwa, jina likapotea. Kazi ina picha: unga, joto, harufu. Jina liko peke yake tu, halijashika kitu. Kartie ilijua hili bila utafiti. Ndiyo maana tuna Mama Sombe, Tonton Kadena, na kila mzazi ni Mama wa fulani ama Papa wa fulani. Na fungua contacts zako, usione haya: Motari Mrefu, Plombier 2, Dem wa Harusi, Usipokee, Usipokee Mpya. Si uvivu. Ni mfumo. Ila ukimpa mtu simu apige, shika pembeni kidogo, asije akajikuta kwenye Usipokee.

Watu wa doo wanakwambia nunua suluhisho. Sawa, tuhesabu. Kuna AirTag ya Apple, ilitoka 2021 kwa dola 29 moja, kifungo unachotundika kwenye funguo kisha simu inakuonyesha kiko wapi. Tatizo: kikiwa mbali na wewe, kinategemea iPhone za wapita njia kupeleka habari. Angalia mifuko ya hapa. Tecno, Itel, Infinix, Tecno. Funguo zako zitaangukia soko kuu zisubiri mwenye iPhone apite, na wenye iPhone hapa wanapita ndani ya gari vioo vimefungwa. Kwa hizo dola 29 unanunua kadena ngapi? Halafu kuna vidonge vya kumbukumbu, vya ginkgo, vyenye picha ya ubongo unaong'aa. Marekani waliwapa wazee zaidi ya 3,000 ginkgo ama kidonge hewa, wakawafuatilia miaka, matokeo yakatoka 2008: haikuwazuia kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Na muuzaji akikwambia ya kwake ni tofauti, mwulize jina lako, ulimwambia dakika tano zilizopita.

Sakoshi, hiyo naikubali. Wazee wanaicheka, eti mwanaume na kamkoba kifuani. Wacheke. Simu, kadi, ufunguo, doo, vyote vina mahali pamoja, kila siku mahali pale pale. Mkono unapiga kifua, unajua uko full. Mzee naye ana mifuko sita kwenye koti na hajui chochote kiko upi. Angalia tu bei: ile ya jina kubwa la Italia sokoni si ya Italia, usilipe pesa ya Italia.

Turudi kwa mwavuli, niliahidi. Kinachokukumbusha lazima kiwe pale pale na wakati ule ule. Unataka ushahidi wa nyumbani? Ebola. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri, Bunia nayo ndani, kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klorini: ofisi, kanisa, shule, butiki. Hakuna aliyehitaji kukumbuka kunawa. Ndoo ilikuwa njiani, na kijana wa thermomètre alikuwa kando yake. Ugonjwa ulipoisha ndoo zikatoka, moja imekuwa ya kufulia, nyingine imepandwa maua. Na mikono? Usiniulize, tulisalimiana jana. Vichwa havikubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni kilichoko mlangoni.

Kwa hiyo weka ndoo zako. Kadi ya kupeleka komini, iweke ndani ya kiatu utakachovaa asubuhi. Hutatoka bila kuigusa, utaikanyaga. Bidon ya maji, iweke mbele ya mlango, ikuzuie. Ufunguo wa kadena, ufunge kwa kamba kwenye sakoshi, na uape hutabonyeza tak hadi uuone kwa macho. Maharagi yakiwa motoni, usijiambie utakumbuka. Nyinyi na utakumbuka yenu! Weka alarm, ama shika mwiko mkononi hata ukiangalia video. Unaonekana mjinga, lakini mwiko unauliza swali kila ukitaka kuscroll.

Na kuna maneno ya kujiambia, nayo yana mtaalamu wake. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, aliandika 1999 kwamba mtu anayepanga kwa "nikifika pale, nitafanya hivi" anatimiza zaidi ya yule anayesema tu nitafanya. Kwa hiyo usiseme nitanunua inite leo. Sema, nikishuka kwenye moto, kabla sijalipa, nanunua inite. Tukio linakuamsha. Motari mwenyewe anakuwa alarm yako, bila kulipwa ziada.

Kidogo tuache mchezo. Kuna kusahau ambako hakuchekeshi. Ituri imekimbizwa mara nyingi, kuanzia 1999 na tena tangu mwisho wa 2017, na kandokando ya Bunia kuna watu wanaolala chini ya bâche na masikio wazi. Kichwa kisicholala hakishiki kitu, na huyo umsaidie, usimtungie jina. Na koko akianza kupotea njia ya nyumba aliyoishi miaka, akauliza swali moja mara kumi, huo ni ugonjwa wa kupelekwa kwa daktari. Atakayetamka neno uchawi, mtoe nje ya parsele. Hapo tu ndipo wazee nawatetea. Nimemaliza.

Kitu cha mwisho, juu mtaani watu wanapenda kujua nani ana kumbukumbu kali kuliko wote. Si maprofesa. Si wewe na storage yako ya giga 128. Ni yule mama wa butiki kwenye kona. Ana kaye moja, kava limechanika, bic imefungwa kwa uzi isitoroke. Sukari nusu, sabuni kipande, mkate, tarehe, jina, saini. Unaweza kurudi baada ya miezi, umenyoa, umenenepa, umebadilisha kanisa. Anakuita kwa jina lako na bei yako. Kichwa chake anakitumia kwa umbea, kaye inafanya kazi. Na siku uko pale unasubiri moné, chungulia ukurasa wa kwanza kabisa. Utamkuta mzee wetu wa "sisi zamani hatukusahau". Mafuta chupa moja, tangu mwaka jana. Mama anasema amemwuliza mara nyingi. Mzee anasema hakumbuki.